Saigon 1975: Nani Alipanda, Nani Aliachwa Langoni

Katika ua wa ubalozi wa Marekani mjini Saigon palikuwa na mkwaju mkubwa. Ulisimama kwenye maegesho ya magari, na mwezi Aprili 1975 ukageuka kuwa suala la serikali. Maofisa wa usalama walitaka ukatwe, kwa sababu helikopta kubwa zisingeweza kutua pale ukiwa umesimama. Balozi Graham Martin alikataa. Aliona kwamba siku mkwaju ule utakapoanguka, kila mpita njia wa Saigon atajua kuwa Wamarekani wanaondoka, na mji mzima utaingiwa na taharuki. Ulikatwa asubuhi ya Aprili 29. Wakati huo makombora yalikuwa yamekwisha kuuharibu uwanja wa ndege wa Tan Son Nhut, na ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya vifaru vya Vietnam Kaskazini kuvunja lango la ikulu.

Kisa hicho kimo katika Last Days in Vietnam, filamu ya hali halisi iliyoongozwa na Rory Kennedy. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance mwaka 2014, ikateuliwa kuwania Oscar, kisha ikarushwa na televisheni ya PBS ya Marekani Aprili 28, 2015, siku mbili kabla ya kutimia miaka 40 tangu Saigon ianguke. Haielezi vita vyote vya Vietnam. Imechagua miezi michache ya mwisho, na sehemu kubwa ya muda wake imeipa siku mbili: Aprili 29 na 30.

Mwongozaji mwenyewe ana deni la kifamilia na vita hivi. Baba yake mkubwa, Rais John F. Kennedy, ndiye aliyeongeza washauri wa kijeshi wa Marekani nchini Vietnam Kusini kutoka chini ya 1,000 hadi kufikia takriban 16,000. Baba yake, Robert Kennedy, aliuawa Juni 1968 akiwa katika kampeni za urais ambamo aliupinga mwendo wa vita hivyohivyo. Rory alizaliwa Desemba mwaka huo, miezi sita baada ya mazishi. Filamu yake haitaji lolote la nyumbani kwao, lakini mtazamaji anayeijua familia hiyo atahisi kwamba mtu huyu hakuokota mada barabarani.

Mapema kabisa tunamsikia Stuart Herrington, aliyekuwa kapteni wa jeshi la Marekani mjini Saigon, akieleza swali lililowachoma yeye na wenzake majuma yale: nani ataondoka, na nani ataachwa. Kila kinachofuata katika filamu ni watu wakijaribu kulijibu, wengine kwa karatasi na mihuri, wengine kwa lori la kuazima. Naamini hilo ndilo swali la ndani kabisa la miezi ya mwisho ya vita vyovyote. Majenerali huwa wanajua nani ameshinda muda mrefu kabla ya risasi kunyamaza. Kinachobaki kuamuliwa ni nani atahesabiwa kuwa mtu wetu.

Ili kuielewa hofu ya Aprili ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mkataba wa amani wa Paris ulitiwa saini Januari 27, 1973, na miezi miwili baadaye vikosi vya mwisho vya mapambano vya Marekani vikaondoka. Henry Kissinger na Le Duc Tho, waliokuwa wajumbe wakuu wa mazungumzo wa pande mbili, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka huo. Le Duc Tho aliikataa kwa hoja kwamba amani yenyewe haijapatikana, na matukio yakamuunga mkono. Mkataba uliwaacha askari wa Kaskazini palepale walipokuwa, ndani ya ardhi ya Kusini. Serikali ya Rais Nguyen Van Thieu iliukubali shingo upande, baada ya Rais Richard Nixon kumwahidi kwa barua kwamba Kaskazini ikithubutu kuuvunja, Marekani itajibu kwa nguvu zote.

Agosti 1974 Nixon alijiuzulu kwa kashfa ya Watergate. Ahadi ya barua ikabaki bila mwenyewe. Wakuu wa Kaskazini mjini Hanoi walitaka kujua kama mrithi wake, Gerald Ford, angerudisha ndege za B-52, na wakapima. Mapema Januari 1975 waliuteka mkoa mzima wa Phuoc Long, kaskazini mwa Saigon. Washington ililalamika kwa maneno. Hakuna ndege iliyokuja. Machi 10 wakaushambulia mji wa Ban Me Thuot kwenye nyanda za juu, ukaanguka. Thieu akaamuru majeshi yake yaondoke Pleiku na Kontum kwa haraka, bila mpango, bila hata kuwaandaa makamanda. Askari, wake zao, watoto na wakulima walijazana kwenye barabara moja mbovu iliyotelekezwa miaka mingi, wakashambuliwa njia nzima hadi pwani. Kuanzia hapo miji iliporomoka upesi kuliko hata Hanoi walivyotarajia: Hue, kisha Da Nang ikaanguka Machi 29.

Da Nang ilitoa picha ya kwanza ya jinsi mambo yatakavyokuwa. Ndege ya abiria ya kampuni ya World Airways ilitua kwenda kuchukua wanawake na watoto. Waliofanikiwa kuingia karibu wote walikuwa wanajeshi wa Kusini, vijana wenye nguvu za kukanyaga wengine na silaha za kuwatisha. Ndege ilipaa ngazi ya nyuma ikiwa imening'inia na watu wameishikilia. Wapiga picha wa televisheni walikuwemo ndani, wakarekodi. Ni picha ngumu kutazama, na Wasaigon waliosikia habari zake walielewa mara moja kwamba kwao kukifika siku hiyo, foleni haitakuwepo.

Aprili 10 Ford alisimama mbele ya Bunge la Marekani kuomba dola milioni 722 za msaada wa kijeshi kwa Kusini. Bunge halikutoa. Filamu inaliacha jambo hili likiwa na harufu ya usaliti, nami hapo natofautiana nayo. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekwisha kufa. Mabilioni yalikwisha kumwagika kwa jeshi lililokuwa likikimbia likiacha mizinga yake nyuma. Mbunge aliyekataa kupiga kura ya ndiyo mwezi ule alikuwa na hoja ya haki mkononi. Kosa lililo wazi zaidi ni jingine: fedha zilipokataliwa, hakuna aliyekuwa na mpango kamili wa kuwatoa watu waliokuwa wameitumikia Marekani kwa miaka 10 na zaidi. Wafasiri, makarani, madereva, wapelelezi, wauguzi, wake na watoto wa Wamarekani. Majina yao yalikuwa kwenye mafaili ya ofisi za Marekani, na mafaili hayo yangeangukia mikononi mwa washindi.

Hapo ndipo anapoingia Balozi Martin, mtu ambaye filamu inamchora vizuri kuliko wote. Mwanawe wa kulea alikuwa amekufa vitani Vietnam mwaka 1965. Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mapafu, amekonda, analala saa chache. Aliamini, au alijilazimisha kuamini, kwamba Saigon itasalimika kwa mazungumzo. Kuandaa uhamishaji hadharani kwake kulikuwa sawa na kuiua Kusini kwa mkono wake. Kwa hiyo kila aliyemletea mpango alirudishwa. Frank Snepp, mchambuzi wa CIA aliyekuwa pale ubalozini, anasimulia namna taarifa za kijasusi zilizosema vita vimekwisha zilivyokuwa zikimfikia balozi na kupuuzwa.

Ni rahisi kumhukumu Martin kwa hayo, na wengi wamemhukumu. Ila usiku wa mwisho mtu huyuhuyu alifanya jambo ambalo limenibadilisha mawazo juu yake. Amri kutoka Washington zilisisitiza Wamarekani watangulizwe. Martin akawa anahakikisha kila helikopta inajaa Wavietnamu, na Wamarekani wanapanda mmojammoja, wawiliwawili. Alijua kwamba siku Mmarekani wa mwisho atakapopanda, safari zitakoma. Aliwatumia watu wake kama rehani ya kuwaokoa wengine. Ikulu ya Washington ilipoona hesabu ya waliobaki haipungui, uvumilivu ukaisha, na rubani mmoja akatumwa na amri ya rais kwamba balozi apande sasa hivi. Rubani huyo, Gerald Berry, anahojiwa katika filamu. Martin alipaa kabla ya saa kumi na moja alfajiri, Aprili 30.

Lakini kabla ya usiku huo palikuwa na majuma ya watu wadogo waliokataa kungoja ruhusa. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na filamu inaitendea haki. Maofisa vijana wa Marekani, waliojua Kivietnamu na waliokuwa na marafiki, walianza kuwatoa watu kwa siri. Walijaza malori, wakawapitisha kwenye vizuizi vya polisi wa Kusini, wakawaingiza kwenye ndege za mizigo zilizokuwa zikirudi tupu kambi za Ufilipino. Kisheria lilikuwa kosa. Wavietnamu wale hawakuwa na pasipoti wala viza ya kutokea, na serikali yao ilikuwa imekataza vijana wa umri wa jeshi kuondoka. Wangegundulika, ajira zao zingeishia hapo. Walifanya hivyo kwa sababu waliwajua watu wale kwa majina na walikula nao mezani.

Kusini zaidi, mjini Can Tho kwenye delta ya Mto Mekong, konseli mkuu Terry McNamara aliambiwa awaondoe Wamarekani wake kwa helikopta. Helikopta zisingewatosha wafanyakazi wake wa Kivietnamu na familia zao. Akachagua mto. Aliwapakia katika mashua za chuma za kijeshi, akashika usukani, akashuka nao Mto Bassac kwa kilomita zipatazo 100 hadi baharini. Njiani alisimamishwa na jeshi la majini la Kusini, na kamanda wake, ambaye familia yake McNamara alikuwa ameisaidia, akawaachia. Kuna mabalozi wengi waliosoma diplomasia vyuo vikubwa ambao hawajawahi kulazimika kufanya kazi yenye uzito wa saa zile chache.

Na kule baharini kulikuwa na manowari ndogo, USS Kirk. Sehemu hii ni ya ajabu kiasi kwamba ingekuwa tamthilia tungesema mwandishi amezidisha. Marubani wa jeshi la Kusini, baada ya kuona mwisho umefika, walipakia wake na watoto wao kwenye helikopta na kuruka kuelekea baharini bila kujua watatua wapi. Mabaharia wa Kirk waliona vitone angani vikija kama nzige. Sitaha yao ilikuwa ya helikopta moja. Walipokea moja, wakateremsha watu, wakaisukuma helikopta majini ili kutoa nafasi kwa nyingine, na kadhalika. Mabaharia wenyewe walikuwa na kamera ndogo za mkononi, na ofisa mmoja alikuwa akimrekodia mkewe barua kwa sauti kwenye kaseti. Ndiyo maana leo tunayaona na kuyasikia hayo.

Ikaja Chinook, helikopta kubwa yenye rafadha mbili, isiyoweza kabisa kutua kwenye sitaha ile bila kuivunja meli. Rubani wake, Ba Nguyen, alikuwa amebeba familia yake. Aliishusha chini kadiri alivyoweza, akaituliza hewani juu ya nyuma ya meli, na watu wakaruka mmojammoja mikononi mwa mabaharia. Mkewe alimdondosha binti yao mchanga kwa mkono mmoja, akadakwa. Mwana wao, Miki, aliyekuwa na umri wa miaka sita, ndiye anayesimulia akiwa mtu mzima. Kisha baba akaipeleka Chinook kando, akawa anavua nguo zake za urubani huku akiishikilia hewani, akailaza upande mmoja, akaruka upande mwingine. Helikopta ilipasukapasuka majini. Dakika ikapita. Ba Nguyen akaibuka akiogelea.

Kirk haikuishia hapo. Richard Armitage, aliyewahi kuwa ofisa wa majini Vietnam na ambaye baadaye alipanda vyeo vikubwa Washington, alikuwa amepatana na wakuu wa jeshi la majini la Kusini kwamba meli zao zikutane kwenye kisiwa cha Con Son ili zisiangukie mikononi mwa Kaskazini. Alitegemea kukuta mabaharia. Alikuta meli zaidi ya 30, nyingine hazina injini inayofanya kazi, zimebeba watu wapatao 30,000. Hakuna aliyemruhusu kuwachukua. Aliwachukua. Kirk ikaziongoza hadi Ufilipino, ambako serikali ilikwisha kuitambua Hanoi na haikutaka kupokea meli za nchi isiyokuwepo tena. Ufumbuzi ulikuwa kuteremsha bendera ya Vietnam Kusini kwenye kila meli na kupandisha ya Marekani. Walifanya hivyo baharini, wakiimba wimbo wa taifa, wengi wakilia. Wale waliowahi kuona bendera ya kikoloni ikishuka na ya uhuru ikipanda wafikirie jambo hilo likirudishwa kinyume, tena likifanywa na watu walioshindwa vita na kupoteza nchi katika juma moja.

Ubalozini, Aprili 29, ishara ya kuondoka ilitolewa redioni kwa tangazo kwamba joto la Saigon limefikia nyuzi 105 kwa kipimo cha Kimarekani na linazidi kupanda, likifuatiwa na wimbo wa Krismasi wa Bing Crosby. Kwa kuwa uwanja wa ndege ulikuwa hautumiki tena, helikopta ndizo zilizobaki. Operesheni hiyo, iliyopewa jina Frequent Wind, iliwatoa watu wapatao 7,000 kwa muda usiotimia saa 24, na zaidi ya 5,500 kati yao hawakuwa Wamarekani. Marubani waliruka usiku kucha kati ya paa la ubalozi, ua uliokuwa na mkwaju, na meli zilizokuwa nje ya pwani. Ile picha maarufu ya ngazi na foleni ya watu kwenye paa, iliyopigwa na Hugh Van Es, mara nyingi huandikwa kwamba ni ubalozini. Ni jengo jingine, la makazi ya maofisa wa CIA na wengine, katika mtaa wa Gia Long. Nalitaja kwa sababu picha hiyo imeliteka somo zima la vita hivi, na mambo mazito zaidi yalikuwa yakitendeka pasipokuwa na mpiga picha.

Zito kuliko yote ni la watu 420. Kuta za ubalozi zilikuwa zimezingirwa na maelfu, na waliofanikiwa kuingia ndani waliketishwa kwa mistari uani. Herrington alikuwa nao. Aliwaambia kwa Kivietnamu, tena na tena, kwamba hakuna atakayeachwa, na kwamba yeye mwenyewe ataondoka baada yao. Walimwamini. Walikaa kimya, bila kusukumana, bila kelele, kwa sababu waliahidiwa. Walikuwa wamebaki 420, na helikopta chache kubwa zingewamaliza. Ikaja amri: kuanzia sasa Wamarekani peke yao. Herrington alibaki nao kukiwa bado hakujapambazuka, akawaambia anakwenda kujisaidia, akazunguka nyuma ya vichaka hadi ndani ya jengo, akapanda ngazi hadi paani. Kutoka juu aliwaona bado wamekaa kwenye mistari yao, wakimngoja.

Katika filamu ni mzee sasa, na anasimulia hayo akiangalia kamera. Hajitetei. Miongoni mwa wale 420 alikuwemo mwanafunzi wa chuo aitwaye Binh Pho, na Kennedy amemtafuta naye pia, ili kisa kisikiwe kutoka pande zote mbili za ule mstari. Binh Pho alikamatwa, akafungwa kambini, na miaka kadhaa baadaye akafanikiwa kutoroka kwa mashua. Alikuja kuwa msanii mashuhuri wa kuchonga mbao nchini Marekani. Wapo ambao hawakufika popote.

Askari wa mwisho wa kikosi cha Marines, 11 kwa idadi, walibaki juu ya paa hata baada ya Washington kutangaza kwamba zoezi limekamilika. Waliondoka kama saa mbili kasorobo asubuhi. Kabla ya adhuhuri vifaru vilikuwa vimeingia ikulu, na Rais Duong Van Minh, aliyekuwa madarakani kwa siku mbili tu, akatangaza kusalimu amri redioni.

Filamu inaishia karibu na hapo, na hapo ndipo ninapokuwa na ugomvi nayo, kwa jinsi ninavyoiheshimu. Katika dakika zake zote 98 hatumsikii mkongwe hata mmoja wa jeshi la Kaskazini. Wanaonekana wakipita na vifaru, wana nyuso za vijana wa miaka 19, na hakuna anayewauliza chochote. Wengi wao walitembea miezi kwenye njia za msituni wakipigwa mabomu kufika siku ile. Wanaelezwa kwa sehemu kubwa kupitia mauaji yaliyofanywa na upande wao mjini Hue mwaka 1968, ambayo yalitokea kweli na ambayo kweli yaliwatia hofu watu wa Saigon. Lakini serikali ya Vietnam ilikadiria mwaka 1995 kwamba wapiganaji wake milioni 1.1 na raia milioni 2 wa pande zote walikufa katika vita hivi. Mtazamaji kijana anayeijua Vietnam kupitia filamu hii pekee atainuka kwenye kiti akiamini kwamba Wamarekani walikwenda kule kuwaokoa watu, wakashindwa kuwaokoa wote. Wanahistoria kadhaa wameikosoa kwa hilo, na nawaunga mkono. Kennedy ametengeneza filamu kali kuhusu lango lililofungwa, huku yeye mwenyewe akifunga lango jingine katika kuchagua nani atazungumza.

Wale ambao hawakuingia kwenye filamu hawako mbali na sisi. Tanzania ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Hanoi tangu 1965, wakati dola nyingi ziliitambua Saigon. Na leo anayenunua muda wa maongezi wa Halotel Mbeya, au wa Lumitel Bujumbura, analipa kampuni ya Viettel, mali ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Jeshi lile lililoingia ikulu kwa vifaru lipo kwenye simu zetu. Nasi bado tunapokea simulizi ya ushindi wake kutoka kwa walioshindwa.

Hata hivyo, kwa upande wa langoni, filamu ina ukweli ambao Afrika Mashariki imeulipia kwa damu. Aprili 11, 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka kwenye shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, jijini Kigali. Wageni weupe walikuwa wamekwisha kutolewa. Walioachwa uani walikuwa Wanyarwanda wapatao 2,000 waliokimbilia pale kwa kuwa waliona bendera ya buluu, na wauaji walikuwa wakingoja nje ya geti. Wengi wao waliuawa siku hiyohiyo, baada ya kuswagwa hadi Nyanza. Ukiona Saigon, kisha ukakumbuka Kicukiro, unatambua kwamba kuna utaratibu: orodha huandikwa mbali, na anayemfahamu kwa sura mtu anayefutwa huwa ni kapteni fulani mwenye bunduki asiyeruhusiwa kuitumia. Ilijirudia Kabul Agosti 2021, Wamarekani walipoondoka Afghanistan. Baadhi ya waliofanikiwa kupanda ndege walijikuta Entebbe, maana Uganda ilikubali kuwapokea kwa muda, na kundi la kwanza la watu 51 lilitua Agosti 25.

Kuna sababu nyingine ya kuitazama filamu hii kwa makini, hasa kwa watu wa televisheni wa kwetu. Kennedy aliwahoji watu wake karibu miaka 40 baada ya tukio. Walikuwa wamezeeka vya kutosha kusema kweli, na walikuwa bado hai. Martin alikuwa ameshakufa tangu 1990, ndiyo maana nafasi yake imejazwa na kumbukumbu za wengine. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, navyo vilikuwa na miezi yake ya mwisho: Kampala ilichukuliwa Aprili 11, 1979, na mapigano yakaendelea hadi wapiganaji wetu walipofika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni. Askari aliyekuwa na miaka 20 wakati ule amekwisha kuvuka 60. Yupo mjini, yupo kijijini, anaumwa magoti. Wapo madereva wa malori yaliyochukuliwa kutoka mashirika ya umma, wapo mgambo, wapo wauguzi, wapo wakulima wa Kyaka waliokimbia daraja lilipolipuliwa, wapo Waganda wa Masaka ambao mji wao ulibomolewa kwa mizinga yetu, na wapo pia waliokuwa askari wa Amin. Redio na televisheni zetu zina kamera nzuri kuliko zile za mabaharia wa Kirk. Waende Kagera mwaka huu, wavuke hadi Masaka, na orodha ya watakaohojiwa isianze na majenerali.